Mwaka wa saba wa Bibi

Oktoba 2023 iliingia, hela ya Bibi haikuingia. Hakuwa amekosea jambo. Alikuwa tu ametimiza miaka saba Marekani, na mkimbizi mzee ambaye bado si raia hulipwa SSI, ile posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wasio na kipato, kwa miaka saba na basi. Barua ya kuonya ilikuwa imefika miezi kadhaa kabla. Mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyeisoma akatafsiri: "Wanasema wewe si raia." Bibi akajibu kwamba hilo analijua, akaitia barua kwenye mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, uleule aliopanda nao ndege, zinamokaa karatasi zake zote.

Mimi ni mkalimani, na kisa hiki nimekishona kutoka nyumba zaidi ya moja ili asijulikane mtu. Sheria, miaka na viwango vya fedha ni vya kweli. Kinachonishughulisha ni hiki: nyumba ina watu wazima watatu, wawili wamepata uraia kwa wakati, wa tatu amebaki, na huyo wa tatu ndiye aliyewafungulia njia hao wawili. Ilikuwaje?

Bibi ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini. Vita ilipofika ukanda wa ziwa mwaka 1996, Uvira ikaanguka mwezi wa kumi, alivuka Tanganyika kwa boti pamoja na mumewe na watoto mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo, na ndimo alimokaa miaka ishirini. Mume alizikwa humo. Binti yake akazikwa humo pia, akaacha watoto wawili, Bibi akaanza ulezi upya akiwa mtu mzima wa kupumzika. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, na kwa Mbembe ugali ni wa muhogo, hivyo sehemu ya mgao ilikwenda sokoni kubadilishwa. Nayataja haya kwa sababu watu wa ofisini Marekani husoma faili lake na kuona mwanamke asiye na kazi wala elimu. Kuendesha nyumba kwa mgao wa kambi miaka ishirini ni kazi, ila haina mstari wake kwenye fomu.

Mwaka huohuo wa 1996, mwezi wa nane, kabla hata Bibi hajafunga mzigo, Rais Clinton alitia saini sheria ya kupunguza misaada ya jamii. Ndiyo iliyowaondoa wageni wengi wasio raia kwenye SSI. Wakimbizi waliachiwa muda, kwanza miaka mitano, kisha saba. Mwaka 2008 Bunge liliongeza muda kidogo, na nyongeza hiyo ikaisha Septemba 2011. Kwa hiyo siku Bibi anashuka kwenye ndege Septemba 2016, saa yake ilikuwa tayari imeanza kuhesabu.

Walifika Lexington, Kentucky, mji wenye Wakongomani wengi, ambako Kiswahili utakisikia dukani na kanisani. Faili zilikuwa mbili. La kwanza la mwanawe, mke wake na mtoto wao. La pili la Bibi, lenye yeye na wale yatima wawili. Tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa 1 Januari 1950, kama wakimbizi wengi ambao siku yao haikuandikwa popote, na mkopo wa nauli wa watu watatu, usio na riba lakini wa lazima kulipwa, ukawa kwa jina lake. Cha kwanza kumshangaza Kentucky kilikuwa mashamba ya farasi. Ardhi yote hii, majani matupu, na hakuna anayepanda muhogo?

Heshima na theluthi moja

Hasara ya kwanza ilitokea mapema sana, na hakuna aliyeiona. Kwenye ofisi ya Social Security, inayosimamia SSI, afisa aliuliza kama mzee anachangia gharama za nyumba anayoishi. Mwanawe akaona aibu. Mama amchangie? "Huyu ni mama yangu, anilipe nini? Tunamlisha sisi."

Kwa mila zetu ni jibu la mtu aliyelelewa vizuri. Kwa kanuni za SSI ni jibu la kukatwa. Mzee anayekaa nyumbani kwa mtu mwingine, akipewa malazi na chakula bila kutoa fungu lake, hupunguziwa theluthi ya kiwango cha serikali kuu. Kiwango cha 2016 kilikuwa dola 733 kwa mwezi. Bibi akaanza kupata kama dola 489. Na ukweli wa nyumba ulikuwa kinyume cha maneno ya ofisini: hela hiyo yote iliingia kwenye kodi ya nyumba na umeme tangu mwezi wa kwanza, isipokuwa kidogo cha sadaka na cha kumtumia mdogo wake aliyebaki Nyarugusu. Kijana aliificha michango ya mama yake kwa heshima, na heshima hiyo, ukijumlisha theluthi ya kila mwezi hadi Septemba 2023, iligharimu zaidi ya dola 20,000.

Nimeshuhudia jibu hilo likitolewa na watu tofauti, kwa maneno yanayokaribiana mno. Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake, anatafsiri kilichosemwa. Lakini nje ya chumba, kabla ya kuitwa, hakuna anayekataza familia kuelezwa kwamba afisa anaposema kuchangia hamtukani mtu. Anauliza fedha za mzee zinaishia wapi. Tangu 30 Septemba 2024 chakula kimeondolewa kwenye hesabu ya misaada anayopewa mzee, malazi yamebaki, kwa hiyo swali bado linaulizwa.

Asubuhi mbili kwa wiki

Mwana alipata kazi ya usiku ghalani. Mkamwana alianza na usafi wa hoteli, kisha akasomea uuguzi msaidizi, masomo ya asubuhi. Mwaka 2017 akazaliwa mtoto, 2019 mwingine. Ukiongeza wa kwanza na yatima wawili, nyumba ya vyumba vitatu ikawa na watoto wa kila umri. Kituo cha kulelea watoto kingemeza mshahara wa mmoja wao, na vituo vingi havipokei mtoto saa nane usiku.

Kwa hiyo Bibi. Anaamka kabla ya alfajiri kuwatayarisha wa shule, anampokea mwanawe akirudi kazini, anamwekea chakula alale, anabeba mtoto mgongoni kwa kitenge huku anapika sombe, saa tisa anasimama kituoni kungoja basi la shule, jioni anawaogesha. Majirani Wamarekani waliotazama waliona bibi mwenye furaha na watoto wengi, na furaha kweli ilikuwepo. Nisingependa msomaji amwonee huruma kama mtu aliyefungwa. Yeye mwenyewe huchukulia ulezi kuwa cheo.

Ila darasa la Kiingereza la wazee lilikuwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa. Alihudhuria miezi michache ya mwanzo. Kalamu aliishika mara ya kwanza akiwa na miaka 66, akajifunza kuandika jina lake na kusoma namba za mabasi. Mtoto wa 2017 alipozaliwa akaacha, kwa sababu Jumanne na Alhamisi ndizo siku ambazo mkamwana pia alikuwa darasani. Hakuna kikao kilichokaliwa. Hakuna aliyemwambia acha. Mtoto alilia, Bibi akabaki.

Ninaona kisa chote kimekaa hapo. Ungemuuliza yeyote wa nyumba hiyo, angekuambia masomo ya mkamwana ni ya kuongeza kipato, ya Bibi ni ya kupoteza muda. Hawakujua kwamba masomo ya Bibi nayo yalikuwa na mshahara: yangempitisha kwenye mtihani wa uraia, unaofanywa kwa Kiingereza, na uraia ungeishikilia SSI baada ya mwaka wa saba. Asubuhi zile mbili ndizo zilizokuwa ghali kuliko zote katika wiki ya familia, na zilitolewa bure.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, ofisi za uhamiaji nazo zikafunga milango kwa watu hadi Juni. Bibi akawa msimamizi wa darasa la watoto wenye tableti asizojua kuziwasha.

Mkimbizi huomba kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, baada ya mwaka mmoja, na tarehe ya ukaazi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Uraia huombwa baada ya miaka mitano, na fomu N-400 inaweza kutumwa siku 90 kabla. Kwa familia hii mlango ulifunguka katikati ya 2021. Kati ya hapo na kukatwa SSI kulikuwa na zaidi ya miaka miwili. Mwana na mkamwana wakajaza fomu. Kila jioni waliulizana maswali 100 ya mtihani mezani, Bibi akiwa jikoni, na ilipofika nani alikuwa rais wa kwanza yeye ndiye aliyejibu, "Washington," bila kugeuka. Mwaka 2022 wote wawili waliapa. Bibi alipika.

Kwa nini fomu yake haikujazwa siku hiyohiyo? Niliwauliza. Walikuwa wamesikia kanisani kwamba wazee husamehewa Kiingereza, basi hakuna haraka.

Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyowaumiza. Sheria humsamehe Kiingereza mwenye miaka 50 aliyekaa na ukaazi wa kudumu miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nao miaka 15. Akajibu maswali ya uraia kwa lugha yake. Mwenye miaka 65 na ukaazi wa miaka 20 hupewa hata orodha fupi ya maswali. Inahesabiwa miaka ya ukaazi, na umri peke yake haumfikishi mtu popote. Bibi angefikisha 15 mwaka 2031. SSI inakatika 2023. Msamaha unakuja miaka minane baada ya njaa. Sheria mbili, kila moja ukiisoma peke yake ina mantiki yake, ila zimewekwa bila kuonana, na kati yao amesimama mwanamke mzee asiyejua kusoma.

Kuna njia nyingine ya kuendelea kulipwa bila uraia: robo 40 za kazi, yaani takriban miaka kumi ya kulipa kodi. Robo za mume au mke huhesabiwa. Za mume wa Bibi ziko kaburini Nyarugusu. Za mwana, anayetoka jasho ghalani kila usiku, hazihesabiwi kwa mama yake.

Likelemba

Hili ni la pembeni kidogo, ila liliongeza uzito. Mwaka 2022 zamu ya likelemba, ule upatu wetu Wakongomani, ilimwangukia mwana. Akaunti yake ilikuwa na deni benki, basi fedha zikawekwa kwenye akaunti ya Bibi, ambayo mwana pia ana jina humo. Mpokeaji wa SSI asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 mwezi unapoanza. Barua ikaja kwamba amelipwa kupita kiasi na anadaiwa. Rufaa ina siku 60. Barua ilikaa mfukoni zaidi ya hapo.

Ilipogunduliwa baadaye, kilichomwokoa ni daftari la mweka hazina wa likelemba: majina, zamu, kiasi, saini. Mwenye akaunti ya pamoja anaruhusiwa kuthibitisha kwamba fedha zilizomo si zake. Daftari lile chakavu lilikubaliwa pamoja na maelezo ya kuchelewa. Tangu hapo nawaambia watu waandike, hata kama wote ni ndugu.

Daktari wa kwanza na wa pili

Baada ya Oktoba 2023 nyumba iliyumba. Mwana akaongeza zamu ya Jumamosi. Yatima mkubwa, msichana, akaanza kazi ya mgahawa baada ya shule. Bibi akakaanga mandazi ya kuuza kanisani, na kimyakimya akaanza kukata vidonge vya presha nusu kwa nusu, akidhani kadi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imekufa pamoja na SSI. Haikuwa imekufa. Ilihitaji karatasi tu.

Mtihani kwa Kiingereza haukuwezekana tena. Ilibaki fomu N-648, ambayo daktari au mwanasaikolojia wa tiba huthibitisha kwamba mgonjwa ana ulemavu wa mwili au akili unaomzuia kujifunza. Daktari wa kwanza alikuwa na nia njema. Akaandika kwamba mgonjwa ni mzee na hajawahi kwenda shule. Fomu ya namna hiyo haina maisha, kwa kuwa uzee na kutojua kusoma peke yake si ulemavu mbele ya uhamiaji. Wanataka jina la ugonjwa, na maelezo ya jinsi ugonjwa huo unavyozuia kujifunza.

Ugonjwa ulikuwepo. Hakuna aliyeujua, kwa sababu miaka yote saba aliyekuwa akimtafsiria hospitali ni mwanawe, au mjukuu. Daktari akiuliza kama analala vizuri, Bibi alijibu "ninalala." Akiulizwa kama anasahau, alicheka. Mama gani atamweleza mwanawe, mbele ya mgeni, aliyoyaona Fizi? Na mwana gani atayatamka kwa Kiingereza?

Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu, tangu Sheria ya Haki za Raia ya 1964, wa kumhudumia asiyejua Kiingereza bila ubaguzi, na hiyo ina maana ya mkalimani asiyelipiwa na mgonjwa. Familia haikuwahi kuomba. Waliona ni heshima kumsindikiza mama. Kwa daktari wa pili iliombwa sauti ya mwanamke kwenye simu, mwana akakaa nje. Bibi alizungumza muda mrefu. Sitaandika alichosema. Daktari aligundua msongo wa muda mrefu uliotokana na vita, na baada ya kumpima, kumbukumbu iliyodhoofika kiasi kwamba jambo jipya la asubuhi halifiki jioni. Vyungu vilivyoungua jikoni, ambavyo nyumba nzima ilikuwa ikivicheka, vilikuwa dalili.

Fomu ya pili ilieleza hayo yote. N-400 ikatumwa Novemba 2023, ada ya dola 725 ikasamehewa kwa kuwa alikuwa bado na Medicaid. Mahojiano yalifanyika Louisville mwaka uliofuata, akiwa na mkalimani, akasamehewa Kiingereza na maswali ya historia pia. Aliudhika kidogo. Washington alikuwa bado anamkumbuka.

Aliapa Juni 2024, akaomba SSI upya mwezi huohuo. Miezi tisa iliyopotea haikulipwa. Safari hii mwanawe alikwenda na karatasi ya mgawanyo wa kodi na umeme, na alipoulizwa kama mama anachangia alisema ndiyo, akitazama chini. Kiwango cha mwaka huo, dola 943, kililipwa kizima.

Shirika lililowapokea nisilitaje kwa ubaya. Huduma zake za mwanzo zilipangwa kwa siku 90, na mfanyakazi mmoja ana familia nyingi. Lakini serikali kuu, kupitia ofisi yake ya makazi ya wakimbizi, ORR, ilikuwa na fedha mahususi kwa wakimbizi wa miaka 60 na zaidi, na kuwasaidia kupata uraia kulikuwa moja ya malengo yake. Taarifa kama hizo hutumwa kwa simu ya mwenye Kiingereza, na mwenye Kiingereza hakuwa mzee. Ndiyo sababu kila familia ninayoitembelea sasa naitaka tarehe ya kuingia nchini ya mzee kabla ya kitu kingine. Naongeza miaka mitano, natoa siku 90, na hiyo ndiyo tarehe ya kumtafutia nafasi darasani au daktari anayesikiliza. Hata kwa wanaofanya mtihani mambo yamekuwa mazito zaidi: kwa maombi yaliyotumwa kuanzia 20 Oktoba 2025 maswali ni 20 kutoka orodha ya 128, na lazima kupata 12.

Sasa kuna mgogoro mwingine. Bibi ana pasipoti ya Marekani na anataka kwenda Kasulu kumwona mdogo wake, ambaye safari yake ya kuja huku ilisimama Januari 2025 pale mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa. Viza ya Tanzania ni dola 100, na kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Mpokeaji wa SSI akikaa nje ya nchi siku 30 mfululizo malipo husimama, na hayarudi mpaka akae ndani siku 30 nyingine. Mwanawe amepanga siku 28. Mkamwana anahesabu nani atapokea basi la shule. Bibi anasema kuna makaburi mawili ya kusafisha na dada ambaye hajamwona tangu 2016, anataka miezi mitatu, na hela ikikatika ikatike, aliwahi kuishi bila hiyo. Tiketi bado haijakatwa.